Kwato Wiki Hii, Mbio Wiki Ijayo

Juzi kijana mmoja wa kundi letu la WhatsApp la watunzi wa hadithi aliniuliza mbele ya watu wote: "Anko, hivi unachanganyaje vitisho na mapenzi bila kimoja kuua kingine?" Kabla sijaipata miwani yangu, wenzake walishamjibu. Mmoja alisema nusu kwa nusu. Mwingine alisema mapenzi kwanza, vitisho mwishoni, kama pilipili. Wa tatu alituma picha ya msichana mwenye macho mekundu aliyeshika ua. Nikaona ninyamaze, maana mstaafu akijibu swali kwenye simu huishia kuambiwa "fupisha, anko".

Sasa nimekaa mezani na hakuna wa kunifupisha.

Kwanza nijitambulishe kwa nyie mliokuja baada ya magazeti pendwa kupotea mezani. Kwa miaka mingi niliandika hadithi za majini wanaopendana na watu, katika gazeti moja la kila wiki lililouzwa kuanzia Temeke mpaka Kawe. Nina shahada ya fasihi ya chuo kikuu, ambayo niliitumia zaidi kuchagulia majini majina. Wenzangu niliosoma nao walikuwa maofisa. Wakikutana nami waliniuliza, "Bado unaandika yale mambo yako?" kwa sauti ile anayoulizwa mtu habari za kikohozi chake.

Kustaafu kwangu hakukuwa na sherehe. Hakuna anayekustaafisha kwenye majini. Gazeti linafungwa, simu inaacha kuita, na siku moja unagundua umetumia asubuhi nzima kuandika malalamiko kuhusu bomba la maji la mtaani, na umeyaandika kwa raha.

Aliyenifundisha kazi ni mhariri wangu, Braza Mbwana, mtu mnene, mpole, aliyekuwa akitafuna karanga huku akisoma. Karanga zilikuwa kipimo chake. Akiacha kutafuna, hadithi imemshika. Akiendelea, umeandika upuuzi. Hadithi yangu ya kwanza ilimaliza pakiti na akatuma mtu kuleta nyingine.

Ndani ya hadithi hiyo nilikuwa nimeweka radi, bundi, makaburi, na jini mwanamke mwenye nywele zinazofika magotini. Nilikuwa nimetoka chuoni, bado nina imani na radi.

"Mdogo wangu," Mbwana akaniambia, "huyu jini anaishi wapi?"

"Makaburini."

"Kapanga?"

"Hapana, braza. Ni jini."

"Basi hana shida yoyote. Mtu asiye na shida nani atampenda?"

Nikamtoa makaburini, nikampangishia chumba Temeke, katika nyumba ya wapangaji wengi na bafu moja. Papo hapo mambo yakaanza kunoga. Jini mwenye kwato anayepanga foleni ya bafu asubuhi, ndoo mkononi, gauni likiburuza chini ili asionekane miguu, huku mke wa fundi seremala nyuma yake anamwambia, "Dada, pandisha gauni, si linalowa!" Hapo msomaji anaogopa na kumwonea huruma mtu huyohuyo, na wala hujapiga radi. Hilo ndilo somo la kwanza, na nilipewa bure. Jini wako apewe mwenye nyumba, apewe jirani mdadisi, apewe vitunguu vya kununua. Ukimwacha angani atabaki moshi tu.

La pili lilinigharimu usingizi. Hadithi hizi zilikuwa na desturi: mwisho wake jini lazima atolewe. Swali ni nani amtoe. Nilipomleta shehe, simu ziliita kutoka pande fulani: "Kwani wachungaji wameisha?" Hadithi iliyofuata nikamleta mchungaji, na kabla ya saa sita mchana akanipigia mzee mmoja wa Kawe, mwenye duka la vitambaa alilorithi kwa babu yake, mwenye sauti ya upole sana.

"Mwanangu, huyu jini jina lake nani?"

"Salha binti Nasoro, mzee."

"Ehe. Na mchungaji huyu, kamjulia wapi binti Nasoro?"

Nilipompelekea Mbwana tatizo hili, alifikiri kidogo, akasema, "Aondoke mwenyewe. Akishaonekana kwato, aibu imshike, aondoke. Mume naye akimbie. Hapo hakuna dini iliyoguswa."

Ndivyo ilivyozaliwa kanuni ya gazeti letu, aliyoiandika kwa kalamu nene na kuibandika ukutani juu ya kiti changu: KWATO WIKI HII, MBIO WIKI IJAYO.

Niliitii kwa miaka. Mume anampenda mke, mke ananukia udi na hali chumvi, majirani wananong'ona, kisha siku ya siku mume anaziona kwato. Itaendelea. Wiki ijayo anakimbia. Na niliwakimbiza kweli wanaume wale. Nimewakimbiza peku, nimewakimbiza na taulo, nimemkimbiza mmoja na sahani ya wali mkononi mpaka kituo cha polisi. Wasomaji walifurahi. Mie nami nikajiona bingwa wa kuchanganya vitisho na mapenzi, kumbe nilikuwa sijawahi kuvichanganya hata siku moja. Nilikuwa nikiwapa watu vikombe viwili, kimoja baada ya kingine, na kuviita chai.

Aliyeniambia hivyo hakuwa mhakiki. Alikuwa shangazi wa mtu.

Huyo mtu ni Yusta, mwalimu wa hesabu wa sekondari moja ya Goba. Ukoo wao ulitoka Upareni na kujenga huko Goba wakati vilima vile vilikuwa bado mihogo. Mie nilikuwa nimevuka miaka thelathini na mitano, umri ambao mama yangu alikuwa ameacha kuniombea mke mwema na kuanza kuniombea mke. Yusta hakuwa amesoma hadithi yangu hata moja. "Mie nasahihisha hesabu za kidato cha pili," aliniambia. "Vitisho vinanitosha."

Nikampenda kwa jambo hilo na kwa mengine, tukakubaliana, na nikatafuta mshenga. Nilimpata Mzee Kapinga, jirani yangu wa Temeke aliyestaafu kazi za bandarini, ambaye aliupenda ushenga kwa sababu ulimpa nafasi ya kuvaa koti. Akapanda Goba na barua ya posa. Aliporudi alikaa kwenye kiti changu, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Shikamoo mzee. Wamesemaje?"

"Marahaba. Nipe maji kwanza."

Nikampa. Akanywa kama mtu anayeonja.

"Baba yake hana neno," akasema. "Mama yake hana neno. Kuna shangazi."

"Shangazi yupi?"

"Damari. Anakaa Kawe. Kaja na mfuko, na ndani ya mfuko kuna magazeti yako."

Nikajua yamenikuta. "Mlokole, siyo? Hataki mambo ya majini."

"Mlokole wa wapi! Kasoma yote yule. Kanisimulia mpaka zile ambazo wewe mwenyewe umezisahau. Majini hana ugomvi nao. Ugomvi wake ni na wanaume."

"Wanaume gani?"

"Wako, wa kwenye gazeti. Kasema hivi, na kanituma nikufikishie kama lilivyo: 'Huyu bwana kaandika waume chungu nzima. Mke akiwa mzuri, anampenda. Mke akionekana miguu, anatimua. Hakuna aliyebaki hata mmoja, hata kwa bahati mbaya. Sasa binti yetu miguu yake ni mizima, lakini kuna kuugua, kuna kuzaa, kuna kuzeeka. Siku hiyo huyu atakimbilia wapi?'"

"Mzee, zile ni hadithi!"

"Nimemwambia. Kasema mpishi hupakua kilichomo chunguni."

"Na wewe ukajibu nini?"

Mzee Kapinga akaangalia kando. "Ningejibu nini, mwanangu? Na mie nilisoma ile ya taulo."

Hawakukataa. Walisema watajibu, na "tutajibu" ya ukweni inaweza kukaa mpaka binti aolewe na mwingine. Naye huyo mwingine alikuwepo: nyuma ya barua yetu ilikuwa imefika barua ya mhasibu mmoja wa usharika wao. Mzee Kapinga alimsifu bila kukusudia. "Mtu mtulivu," alisema. "Haandiki chochote."

Nyie wa siku hizi mtasema ningempigia shangazi simu. Mposaji hapigi simu ukweni. Mposaji hana mdomo. Mdomo wake ni mshenga, na mshenga wangu alikuwa amekwisha kushindwa hoja. Palibaki njia moja tu ya kusema na Shangazi Damari wa Kawe, nayo ilikuwa inauzwa kila wiki kwenye meza ya magazeti. Hadithi iliyokuwa ikiendelea ilikuwa ya Salha mwingine (majini wangu wengi waliitwa Salha, shahada ile ilikuwa imeanza kuisha) aliyeolewa na Idrisa, fundi simu wa Temeke. Kwato zilikuwa zinatakiwa wiki ileile.

Nikaamua Idrisa atabaki. Uamuzi ulinichukua muda wa kunywa soda. Kumfanya abaki ndiko kulikotaka kunimaliza.

Katika jaribio la kwanza Idrisa anaziona kwato, anapiga goti, anahutubia: Salha, kwato zako ni nguzo za moyo wangu. Mbwana alisoma huku karanga zikiteremka mfululizo.

"Huyu anagombea ubunge?" akauliza.

Katika la pili Idrisa anazimia, na kwa hiyo hakimbii.

"Kuzimia si kubaki, mdogo wangu. Ni kukimbia ukiwa umelala."

Katika la tatu Idrisa mwenyewe anagundua kwamba naye ni jini. Mbwana hakumaliza ukurasa. Aliifuta meza maganda, akanitazama kwa upole wake wote.

"Nisikilize. Ishu ni hii: akibaki, mke hatishi tena. Na kama hatishi, nakwambia ukweli kama ndugu yako, ukurasa wako nawapa watu wa mikeka, wale wa kubashiri mpira. Wananililia kila siku."

Kwa hiyo wiki ile nikamleta mama mkwe. Shikeni ujuzi huu, hautawaangusha: mkikwama, leteni mama mkwe kutoka shamba. Hakuna hadithi isiyoweza kubeba wiki moja ya mama mkwe. Alikuja na kuku, akakagua jiko, akauliza kwa nini chumvi haiishi. Wasomaji wakaridhika. Shangazi, nilivyosikia baadaye, alisema, "Anavuta muda huyu."

Katikati ya wiki hiyo Yusta akalazwa. Ilikuwa malaria, ile inayopanda kichwani. Dada yake mdogo ndiye aliyenipigia, akaongeza kwa ujanja kwamba mama amekwenda kutengeneza uji na hatarudi mapema. Nikapanda Goba mchana kweupe, jua limesimama juu ya bati la zahanati, watoto wanacheza nje na bomba la sindano lisilo na sindano.

Nilimkuta kwenye kitanda cha mwisho, dripu mkononi, kitambaa kimemtoka kichwani. Mwalimu wangu nadhifu, ambaye hata chaki haikuwa ikithubutu kumchafua, alikuwa ametoa macho kuelekea kwangu na hanioni. Meno yalikuwa yakigongana. Kisha akacheka, kicheko cha mtu mwingine kabisa, akasema, "Mtoeni huyu. Siye yeye."

Vijana, niliogopa. Nilikuwa nimeandika maneno "nywele zikamsimama" mara nyingi kuliko jina langu, na ndiyo kwanza najua kwamba kwanza ni shingo, kisha tumbo, na nywele huja mwisho. Nilijua mlango uko wapi bila kugeuka. Mwili wangu ulijua. Kama Shangazi Damari angekuwa pale angeona kila kitu alichokisema kimeandikwa mgongoni kwangu.

Ndipo Yusta akaanza kutaka kutapika, na beseni lilikuwa chini ya kitanda, na hapakuwa na mtu mwingine. Nikainama nikalichukua. Nililishika vibaya, mikono ikitetemeka, kiasi kwamba mengine yalimwagika kwenye kiatu changu. Hofu haikuondoka. Ilikaa palepale ilipokuwa, ila mikono ilikuwa imepata kazi.

"Inauma wapi?" nikamuuliza, swali la kijinga kwa mtu anayeumwa mwili mzima.

Akang'ata meno. "Haiumi," akasema, akafumba macho.

Nikalichukulia kuwa ni kuweweseka. Nesi akaja akaniondoa.

"Wewe ni nani yake?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hatujajibiwa."

Akanitazama, akatazama kiatu changu, akachukua beseni. "Haya nenda kaoshe hicho kiatu. Ndugu zake wanakuja."

Njiani kuteremka nilielewa mahali nilipokuwa nikikosea. Nilikuwa nikidhani mapenzi ni dawa ya hofu: mume akimpenda vya kutosha, hofu inakwisha. Ndiyo maana hotuba za Idrisa zilikuwa hazina chumvi. Na nilikuwa nikidhani hofu ni mwisho wa mapenzi, ndiyo maana waliokimbia walikimbia vizuri. Kumbe mtu anaweza kuogopa mpaka tumboni na bado akashika beseni. Msomaji hahitaji kupewa vitu viwili kwa zamu. Anahitaji kumwona mtu mmoja, dakika moja, akitetemeka na akihudumia.

Nikaandika hivi. Ni saa sita mchana, umeme umekatika, Idrisa amefunga kibanda chake cha simu mapema. Anaingia uani bila kubisha. Salha yuko peke yake bombani, amepandisha gauni, anaosha miguu. Idrisa anaziona kwato. Zimepasuka. Sakafu ya saruji ya Temeke haikuwekwa kwa ajili yake. Miaka ya kutembea juu yake imezipasua kandokando, na katika ufa mmoja kuna mchanga na damu kidogo iliyokauka. Idrisa anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Anajua geti liko wapi. Anatetemeka mpaka ndoo inagonga saruji. Kisha anauliza:

"Zinauma?"

Itaendelea.

Kijana uliyeuliza swali, jibu langu ni ule ufa. Nilitafuta kitu kimoja kinachofanya kazi zote mbili. Ukiutazama ufa kama ufa, unatisha: ni kwato kweli, si ndoto, zina hadi uchafu. Ukiutazama tena, ni mguu wa mtu unaouma. Ukipata kitu cha namna hiyo, radi waachie watu wa hali ya hewa.

Mbwana alisoma. Katikati ya ukurasa akaacha kutafuna, karanga ziko shavuni kama mtoto mwenye jino bovu.

"Hii haina mbio," akasema hatimaye.

"Haina."

"Wasomaji watanipigia."

"Watakupigia."

"Na kwato zinatisha zaidi." Alisema hivyo kwa kinyongo kidogo, kama mtu aliyeibiwa kanuni. Akasoma mstari wa mwisho mara nyingine. "Sasa amejibu nini?"

"Nani?"

"Mke! Kaulizwa zinauma. Kajibu nini?"

"Wiki ijayo, braza," nikasema, nikiwa sina habari.

Gazeti lilipotoka, simu haikulala. Mwanamume mmoja aliniuliza kwa hasira kama Idrisa karogwa, maana mwanamume mwenye akili zake angekuwa ameshafika mbali. Mwingine alitaka kurudishiwa pesa ya gazeti kwa sababu mbio zilikuwa ndizo alizonunulia. Lakini wengi hawakulalamika. Waliuliza kitu kimoja, kilekile alichouliza Mbwana, na wengine waliuliza kwa sauti ya chini kana kwamba Salha yuko chumba cha pili anasikia.

Kisha akaja Mzee Kapinga, koti limefungwa vifungo vyote.

"Kulikuwa na kikao Goba," akasema. "Niliitwa. Shangazi kasoma gazeti kwa sauti, watu wote wamekaa."

"Na baba?"

"Mzee yule nimeambiwa hajapata kusoma kitu zaidi ya Biblia na risiti ya umeme. Shangazi alipofika pale pa ndoo, mzee akasema, 'Eh.' Alipomaliza, mzee akauliza, 'Na mwanamke kajibu nini?' Shangazi kamwambia haijaandikwa."

"Kwa hiyo posa yangu?"

"Shangazi kasema, 'Kubaki kwa wiki moja si kubaki. Wapo waliobaki kwa mshangao. Tusikie mwanamke atajibu nini na mwanamume atafanya nini. Baada ya hapo na sisi tutajibu.'"

"Na mhasibu?"

"Naye anasubiri. Nasikia naye kanunua gazeti."

Ndivyo ndoa yangu ilivyokuja kutegemea maneno ya jini ambaye mie mwenyewe ndiye niliyemtunga, na ambaye alikataa katakata kusema nami. Nikamwandikia "Ndiyo, zinauma sana, mume wangu," akawa ombaomba. Nikamwandikia "Usinihurumie, binadamu wewe!" akawa mcheza maigizo. Nikamwandikia anyamaze, na nikajua Shangazi Damari atasema navuta muda. Siku ya kupeleka kazi ilikuwa kesho yake.

Nikamfuata Yusta. Alikuwa amepona, amekonda, amerudi kazini kabla ya wakati kama kawaida yao walimu wa hesabu. Nilimkuta kwenye banda la juisi chini ya shule, rundo la madaftari ya wanafunzi mbele yake, kalamu nyekundu mkononi.

"Nataka kukuuliza jambo la kazi," nikamwambia.

"Kama ni majini, naomba nimalize hili daftari. Kuna mtoto hapa kajumlisha umri wa baba na uzito wa ng'ombe."

Alimaliza. Nikamsimulia hadithi yote, kutoka foleni ya bafu mpaka ndoo iliyogeuzwa. Kalamu ilisimama juu ya karatasi muda wote, haikugusa chini.

"Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kama zinauma?"

"Hakuna."

"Wote walikimbia?"

"Ndivyo nilivyowaandika."

"Maskini," akasema, na sikujua anamsema Salha au mie.

"Sasa ungekuwa wewe. Umeulizwa. Ungejibu nini?"

Hakufikiri sana. "Ningesema haziumi."

"Lakini zinauma."

"Zinauma vibaya. Ila si umesema mwanamume mwenyewe yuko pale anatetemeka mpaka ndoo inalia? Ukimwambia zinauma utamwongezea mzigo, na ndiyo kwanza kaketi. Ningesema haziumi, nimezoea." Akachukua daftari lingine, akalifungua. "Wewe uliponiuliza kule zahanati inauma wapi, nilikwambia nini?"

"Ulisema haiumi. Nilidhani unaweweseka."

"Nilikuwa naweweseka mwanzoni," akasema bila kuinua macho. "Pale kwenye beseni nilikuwa nimeshakutambua."

Niliandika sehemu ile nikiwa nimesimama, kwenye kaunta ya duka la vifaa vya shule, kwa kalamu ya kuazima. Salha anashusha gauni, anasema, "Haziumi. Nimezoea." Idrisa anamtazama. Anajua si kweli, ameona damu. Anainuka juu ya ndoo, na msomaji anadhani ndiyo hivyo sasa, mbio. Idrisa anaingia ndani. Anatoka na kichupa cha mafuta ya nazi na kitambaa anachofutia vioo vya simu. Anakaa tena palepale. Bado anatetemeka, mafuta yanamwagika. "Lete mmoja," anasema.

Hakuna shehe, hakuna mchungaji, hakuna aliyeondoka. Mbwana aliichapa bila kubadili nukta. Akaitoa na ile karatasi ukutani, akasema ilikuwa inavutia mende.

Mzee Kapinga aliitwa Goba siku ya pili yake. Aliporudi nilikuwa nje, nimeshindwa kukaa ndani. Alikuja akitembea polepole barabarani, koti mkononi kwa sababu ya joto, na nikajaribu kumsoma usoni kama tunavyosoma matokeo ya mtihani ubaoni tukiwa mbali.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Wamesoma."

"Shangazi kasemaje?"

Akalivaa koti kwanza, akalinyoosha kola, maana alichotumwa hakikuwa cha kusemwa na mtu aliyevaa shati tupu.

"Kasema hivi: 'Mwanamke kadanganya. Mwanamume kajua kwamba kadanganywa. Na wote wawili wamekaa palepale. Basi hao si jini na mtu tena, hao ni mke na mume. Mwambieni alete wazee wake.'"